Kolmanskop: kila mtu anapiga picha mchanga, mi nataka kuongelea reli

Ukiitafuta Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa huko jangwani Namibia, kwenye intaneti unaletewa picha ileile kila mara. Mlango umefunguka nusu, ndani chumba kimejaa mchanga mpaka karibu na kitasa, ukutani rangi ya bluu au kijani bado inaonekana vizuri tu, mwanga unaingia dirishani kiupande, basi. Chini watu wanaandika inatisha, inapendeza, nipelekeni. Na ni kweli inapendeza, sibishi, mi mwenyewe nimepiga picha mpaka simu ikaniambia nafasi imejaa. Ila mimi ni mtoto wa Shinyanga, nimekua nasikia habari za Mwadui, mji wa almasi wenye uzio, hospitali yake, uwanja wake wa ndege, na hadithi za watu kusachiwa getini mpaka kwenye nywele, kwaiyo nikiona mji wa almasi swali la kwanza kichwani sio nani alihama, swali ni nani alikuwa anachimba na alilala wapi. Na hapo ndo picha za Kolmanskop zinaponiudhi kidogo maana zimejaa mchanga lakini hazina mtu.

Tuanze na safari maana safari yenyewe ni nusu ya habari. Namibia ni nchi ambayo unaendesha gari mpaka unasahau ulikuwa unaongea nini. Nilikuwa Windhoek kikazi, tukamaliza, tukakodi gari na wenzangu wawili tukashuka kusini mpaka Keetmanshoop, pale unakata kulia kuifuata barabara ya B4 kuelekea baharini, kama kilomita 330 hivi mpaka Lüderitz. Mwanzoni ni nyika kavu, majani ya njano, milima imekatwa juu kama meza, kisha unafika kijiji kinaitwa Aus ambacho kiko juu juu na baridi yake asikwambie mtu. Baada ya Aus barabara inaanza kuteremka kuingia jangwa la Namib na hapo miti inakwisha, yaani inakwisha kabisa, halafu majani nayo yanakwisha, unabaki na changarawe, mawe meusi na anga.

Kuna sehemu inaitwa Garub ambapo kuna farasi pori. Farasi, sio pundamilia. Wanaishi jangwani humo na kila mtu ana maelezo yake walitoka wapi, wengi wanasema ni mabaki ya farasi wa majeshi ya vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani na Waafrika Kusini walipopigana huko 1915. Kilichowaweka hai ni kisima. Na kisima chenyewe hakikuchimbwa kwa ajili yao, kilichimbwa kwa ajili ya treni za mvuke maana injini zilikuwa zinahitaji maji na jangwa halina. Shika hilo la treni, tutalirudia.

Kadiri unavyoikaribia bahari ndivyo upepo unavyoanza kuisukuma gari. Kuna vibao vya barabarani vya kuonya kuhusu mchanga, kama sisi tunavyowekewa vya ng'ombe au tembo, na sio mapambo, matuta ya mchanga yanavuka lami na tingatinga linapita kuusukuma pembeni, kesho yake umerudi. Upande wa kushoto muda wote kuna vibao vingine vinavyokukataza kuacha barabara. Hilo ndo eneo lililofungwa, Wajerumani waliliita Sperrgebiet na jina limebaki hivyohivyo mpaka leo kwa watu wa kule. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 26,000, karibu mara mbili ya mkoa wa Kilimanjaro, na kwa miaka mia moja mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga humo. 2008 wakalitangaza kuwa hifadhi ya taifa, Tsau ǁKhaeb, lakini kibali bado kinahitajika.

Sasa kwa nini almasi ziwe pale, mchangani, juu juu, wakati kwetu Mwadui zimo ndani ya mwamba wake? Hili nililipenda sana kuliko hata majumba. Almasi zinapandishwa kutoka chini sana ardhini na miamba ya volkano inayoitwa kimbalaiti, na Mwadui umekaa juu ya bomba lenyewe la kimbalaiti, moja kati ya makubwa kabisa duniani, John Williamson alilipata 1940. Almasi za Namibia kwao sio Namibia. Zilitoka ndani kabisa ya kusini mwa Afrika, huko kwenye mabomba ya Kimberley, Afrika Kusini, na mengine ya zamani, mvua za mamilioni ya miaka zikayamomonyoa, mto Orange ukabeba mawe mpaka Atlantiki. Ukifika baharini mto ukamwaga mzigo wake, mawimbi na mkondo wa pwani vikaanza kuusukuma mzigo kwenda kaskazini, na mawimbi ya kule hayana mchezo. Jiwe lenye ufa lilipasuka njiani, likaisha. Lililofika ni lile zima. Ndo maana wanasema karibu almasi zote za pwani ile, asilimia 95 hivi, ni za vito na sio za viwandani. Na kwa kuwa kubwa ni nzito, kubwa zilibaki karibu na mdomo wa mto na ndogo ndo zikasafiri mbali kaskazini mpaka Lüderitz. Kumbuka hilo pia maana ndilo lililokuja kuua mji.

Kazi ya mwisho ikafanywa na upepo. Bahari iliposhuka ikaacha fukwe zake kavu, upepo wa kusini ukawa unachukua mchanga mwepesi unaondoka nao, unaacha kokoto na almasi kwenye mabonde marefu membamba. Yaani jangwa lenyewe lilikuwa linachekecha. Kuna bonde kusini huko walilipa jina la bonde la hadithi kwa sababu wale wa mwanzo walizikuta almasi zimelala juu ya ardhi, na inasimuliwa kwamba usiku wa mbalamwezi watu walitambaa kwa tumbo wakiziokota zinavyomeremeta.

Haya, aliyeiona ya kwanza. Jina lake Zacharias Lewala. Alikuwa mfanyakazi wa reli, kibarua wa kuondoa mchanga kwenye njia ya treni karibu na kituo kidogo kinaitwa Grasplatz, April 1908. Huyu bwana hakuwa mtu wa kubahatisha, alishafanya kazi Kimberley kwenye migodi ya almasi, kwaiyo alipoona kale kajiwe kwenye beleshi alijua ni nini. Akampelekea msimamizi wake, Mjerumani anaitwa August Stauch, ambaye alipelekwa Afrika sababu ya pumu, kazi yake ikawa kuhakikisha kipande chake cha reli hakifunikwi na mchanga, na alikuwa amewaambia vibarua wake wakiona jiwe la ajabu wamletee. Stauch inasimuliwa alikwaruza nalo kioo cha saa yake, kikakwaruzika. Hakupiga kelele. Alitafuta vibali vya kutafuta madini kimyakimya, akaacha kazi ya reli, akatajirika vibaya sana. Baadaye utajiri ukamtoka wote, akafa Ujerumani 1947 akiwa masikini, na watu wanapenda sana kuisimulia hiyo sehemu kama vile ndo huzuni ya hadithi. Lewala hakupewa kitu. Hakuna mgodi wenye jina lake, hakuna hisa, baada ya siku ile anapotea tu kwenye maandishi. Mtu aliyefungua moja ya akiba kubwa za almasi duniani, na alichokuwa nacho mkononi ni beleshi la kampuni.

Na reli aliyokuwa anaifagia hiyo ilijengwaje? Hapa sasa naomba tuvumiliane maana sio habari ya utalii.

1904 Waherero waliinuka dhidi ya Wajerumani waliokuwa wanaitawala nchi, na Wanama wakafuata mwaka huohuo kusini. Aliyeletwa kuwapiga ni Lothar von Trotha. Huyu sisi tunamjua, au tungepaswa kumjua, ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki kuanzia 1894 mpaka 1897, miaka ya vita vya Mkwawa. Akatoka huku na uzoefu wake. October 1904 akatoa ile amri yake kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na bunduki au asiwe nayo, auawe, akawasukumia jangwani na kufunga visima. Waliobaki hai walikusanywa kambini, na kambi mbaya kuliko zote ilikuwa Lüderitz penyewe, kwenye kisiwa kidogo cha mawe kinaitwa Shark Island, kisiwa cha papa. Upepo baridi wa bahari, matambara badala ya mahema, mchele mkavu. Kiongozi wa Wanama wa Bethanie, Cornelius Fredericks, alifia pale February 1907. Mafuvu ya waliokufa yalichemshwa, yakasafishwa, yakapelekwa Berlin kufanyiwa kinachoitwa utafiti, na ukisema Mjerumani na fuvu mtu wa Iringa hahitaji maelezo, la Mkwawa lilirudi 1954 na wapo wanaosubiri ya kwao mpaka leo, kama jamaa za Mangi Meli wa Wachagga.

Wafungwa hao ndo waliojenga reli ya kutoka Lüderitz kwenda ndani. Kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha kati ya January 1906 na June 1907 kwenye ujenzi wa reli ile walipelekwa wafungwa 2,014 na wakafa 1,359. Soma tena hizo namba. Reli ikafika Aus mwishoni mwa 1906, ikafika Keetmanshoop 1908, na katika mwaka huohuo wa 1908 Lewala akasimama juu yake na beleshi. Bila reli hakuna Lewala pale, bila Lewala hakuna Kolmanskop. Kwaiyo kila nikiona picha ya ule mlango wa bluu, kwangu mimi inaanzia kule kisiwani, kama kilomita 10 tu kutoka kwenye huo mlango.

Almasi zilipojulikana watu walivamia Lüderitz kwa fujo, kila mtu anataka kipande chake. Serikali haikukawia. Waziri wa makoloni, Bernhard Dernburg, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa huku Dar na bara anakagua koloni baada ya Maji Maji, alikuja Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, 1908 na September ya mwaka huo eneo lote likafungwa, kuanzia mto Orange kupanda kaskazini mpaka latitudo ya 26, kilomita 100 kuingia ndani. Haki ya kuchimba ikabaki kwa kampuni za Kijerumani zilizowahi. Kabla vita ya 1914 haijaanza walishatoa zaidi ya karati milioni 5, yaani tani moja ya almasi safi, na kwa wakati ule zaidi ya asilimia kumi ya uzalishaji wa dunia ilikuwa inatoka mchangani humo.

Na hapo katikati wakajenga mji. Jina la Kolmanskop limetokana na mtu anaitwa Coleman, dereva wa mkokoteni wa ng'ombe ambaye inasemekana alikwama kwenye kile kilima na dhoruba ya mchanga. Pale pale alipokwama yeye wakapandisha nyumba za ghorofa za Kijerumani, mapaa ya mteremko mkali kama vile wanategemea theluji. Mvua ya Lüderitz kwa mwaka haifiki milimita 20, Dar inapata hiyo kwa mvua moja ya asubuhi. Walikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, inasemekana ya kwanza upande wote ule wa dunia. Shule. Bekari, bucha, kituo cha umeme, ukumbi mkubwa wa michezo na muziki ambao wanamuziki walikuwa wanatolewa Ulaya kuja kuimbia watu 300 jangwani. Chini ya ukumbi kuna uwanja wa kuviringisha mipira ya mbao kuangusha vipini, bado upo, bado unafanya kazi. Kule juu kilimani bwawa la kuogelea la maji ya bahari yaliyopandishwa kwa pampu. Kiwanda cha barafu ambacho kila nyumba ilikuwa inagawiwa bonge lake kila siku, mama wa nyumba anatia kwenye kabati lake la mbao, maziwa hayaharibiki. Na maji ya kunywa mwanzoni yalikuwa yanakuja kwa meli kutoka Cape Town.

Nilisimama kwenye kile kiwanda cha barafu muda mrefu nikiwa nacheka peke yangu, sijui kwa nini, labda kwa sababu Shinyanga kwetu nimeshabeba ndoo ya maji kichwani nikapita nje ya uzio.

Sasa upande wa pili. Wajerumani walikuwa kama 300 na watoto wao 40 hivi. Wafanyakazi wa mikataba walikuwa karibu 800, wengi wao Waovambo kutoka kaskazini kabisa ya nchi, zaidi ya kilomita elfu moja. Kwetu watu kama hao tuliwaita manamba, wale wa mashamba ya mkonge, unasajiliwa, unapewa namba, unapelekwa mbali na kwenu kwa mkataba na mke haruhusiwi kuja. Ni kitu kilekile. Mkataba wao ulikuwa kama miaka miwili, wanalala kwenye mabweni ya kompaundi. Kazi yenyewe kwenye picha za zamani inaonekana hivi: mstari wa wanaume wanatambaa magoti chini bega kwa bega wakikagua mchanga kwa macho na vidole, nyuma yao amesimama Mzungu na kofia. Baadaye zikaja chekeche na mashine.

Ile eksirei wanayojisifu nayo ni ya kwanza, kazi yake kubwa haikuwa mifupa iliyovunjika. Ilikuwa ni kuangalia kama mfanyakazi amemeza almasi. Na kabla mtu hajaruhusiwa kurudi kwao mkataba ukiisha alikuwa anatengwa na kunyweshwa mafuta ya nyonyo ili tumbo lote lishuke. Mama aliyetutembeza, mtu mzima, Mnama, alilisema hilo bila kupandisha sauti wala kushusha, akatuangalia, akaendelea kwenye chumba kingine. Nilimpenda sana.

Pale kwenye jumba la makumbusho kuna vifaa vya watu wa magendo, kuanzia viatu vyenye kisigino cha uwazi, na hadithi za njiwa waliofungiwa almasi na mishale yenye tundu. Wageni wanafurahia sana hiyo sehemu. Mi pia. Ukifikiria vizuri ndo sehemu pekee mle ndani ambapo aliyechimba anaonekana ana akili.

Mji haukuuliwa na mchanga, hilo watu wengi wanalichanganya. Mchanga ulikuja msibani. Kilichotokea ni kwamba baada ya vita Waafrika Kusini waliichukua nchi, 1920 tajiri wa madini Ernest Oppenheimer akanunua zile kampuni za Kijerumani akaunganisha ikawa Consolidated Diamond Mines, na 1928 wakapata almasi kubwa kubwa kusini karibu na mdomo wa mto Orange. Umekumbuka nilivyosema kubwa zilibaki nyuma? Basi. Nani tena atambae Kolmanskop kutafuta vidogo wakati mafurushi yako kule. 1936 mji mpya wa Oranjemund ukaanza kujengwa kando ya mto, makao makuu ya kampuni yakahamishiwa huko 1943, watu wakawa wanaondoka Kolmanskop mmoja mmoja, wengine wameacha makabati yao, na 1956 akaondoka wa mwisho. Miaka kama 48 tangu Lewala. Ukiangalia vizuri ni muda mfupi kuliko umri wa mama yangu.

Baada ya hapo ndo mchanga ukaruhusiwa kuingia. Zamani kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuufagia na kuukokota kila asubuhi, na ukijiuliza walikuwa wa rangi gani jibu unalo. Walipoacha, upepo ukavunja vioo, ukaingia, ukajipanga vyumbani kwa namna ambayo hata fundi hawezi, unainuka taratibu kona moja ukishuka nyingine, na nyayo zako za sasa hivi ukigeuka dakika kumi baadaye hazipo. Nyumba ya mkuu wa mgodi, ya daktari, ya mwalimu, zipo kwenye mstari mmoja juu na mpaka leo zinaitwa hivyo. Fisi wa kahawia wanazalia humo, nyayo zao tuliziona kwenye korido ya hospitali. Miaka ya 80 ndo kampuni ikakarabati baadhi ya majengo na kufungua makumbusho.

Oranjemund nayo ina yake. Ilikuwa mji uliofungwa mpaka 2017, huingii bila kibali. 2008 wakati wanazuia bahari kwa kuta za mchanga ili wachimbe sakafu yake, mfanyakazi wa mgodi akaona kipande cha shaba cha ajabu ajabu. Ikawa ni meli ya Wareno, Bom Jesus, iliyotoka Lisbon 1533 kwenda India kwa ile njia ambayo pwani yetu iliumia nayo vya kutosha, ikapotelea huko. Ndani kulikuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, tani za shaba, na pembe za ndovu zaidi ya 100 ambazo vinasaba vilionyesha ni za tembo wa msituni wa Afrika Magharibi. Dhahabu karibu miaka 500 imelala chini ya almasi na hakuna aliyejua. Siku hizi almasi nyingi za Namibia hazitoki tena nchi kavu, zinanyonywa na meli kutoka chini ya bahari, na serikali ina nusu ya kampuni ya Namdeb tangu 1994, De Beers, ile kampuni kubwa ya almasi, nusu nyingine. Mwadui yetu nayo iliwahi kuwa nusu kwa nusu na hao hao, kuanzia 1958, kwaiyo nilivyosikia hivyo nilitabasamu tu.

Jioni moja Lüderitz nilikuwa nimekaa nje ya duka nakula samaki na chipsi, baridi imenishika, mzee mmoja wa Kiovambo akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akaweka fimbo pembeni akasema, kwa Kiswahili, "Karibu, ndugu." Nilishtuka mpaka chipsi zikadondoka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Kaka yake mkubwa aliwahi kuwa Kongwa, kambi ya SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, huko Dodoma miaka ya 60, alirudi na maneno akawafundisha wadogo zake. Baba yao alikuwa mtu wa mikataba, migodini. Tukaongea mpaka giza. Aliniambia watu hawaelewi kwamba SWAPO ilianzia kwa watu wa mikataba, kwamba hata Nujoma mwenyewe, rais wa kwanza wa Namibia, kabla hajawa chochote alikuwa mfagiaji wa reli Windhoek, na mgomo wa 1971 uliowatikisa Makaburu ulikuwa wa manamba, sio wa wasomi. (Neno manamba nilimpa mimi, akalipenda.) Nikamwambia habari ya Lewala. Alikuwa anaijua. "Reli inatoa watu wawili," akasema, "mmoja alipewa nchi, mwingine hakupewa hata jiwe."

Kama unapanga kwenda: kibali unakipata Lüderitz au getini palepale, nenda asubuhi maana mchana mapema wanafunga, na wakati wa upepo mkali vaa miwani na ufunike kamera. Kuna kibali kirefu kidogo cha wapiga picha kinachokuruhusu kuingia kabla jua halijachomoza, bei yake ya juu ila kama picha ndo shida yako basi lipa. Shark Island ipo mwisho wa mji, imeunganishwa na nchi kavu siku hizi, na mle ndani kuna kambi ya watalii. Kambi ya mahema. Watu wanachoma nyama pale. Watafiti wameonyesha sehemu ambazo huenda makaburi yapo, wajukuu wa Wanama na Waherero wanapinga bandari kupanuliwa upande ule kwa ajili ya mradi wa haidrojeni unaotaka kujengwa ndani ya Sperrgebiet, na Ujerumani 2021 ilikubali kuyaita mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, pesa ambazo wengi wa wajukuu hao wamezikataa kwa sababu hawakuitwa mezani. Ukiwa na nafasi nenda kwanza huko kisiwani, lisome lile jiwe la Cornelius Fredericks, kisha ndo uende ukapige picha ya mlango wa bluu. Na ukipita Grasplatz, kituo chenyewe bado kipo pembeni ya reli kama unatoka Lüderitz kurudi Aus, hakiko mbali na barabara, wenzangu walikuwa wana haraka ya kuwahi farasi lakini niliwasimamisha.